Vikombe Viwili vya Kabange

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri, ya kupiga mabati. Umeme umekatika, mashine ya kusaga imelala mpaka saa tatu. Wanawake wamekaa juu ya ndoo zao za mahindi wakinung'unika. Mimi pia nimenung'unika. Baba Prosper peke yake alinyamaza, kwa sababu alikuwa amelala chini ya mashine anakaza mkanda. Tangu astaafu kiwandani, mume wangu anazungumza zaidi na vyuma kuliko na watu.

Uji umetoka kwa wakati. Ule haungoji umeme, unangoja kuni na mpishi wetu Mama Astrida, na Mama Astrida hachelewi. Ndoo ya mlangoni imejaa unga. Kila anayesaga kwangu huacha kikombe kimoja kwa ajili ya watoto. Sijawahi kumwomba mtu. Niliweka ndoo tu, nikaweka kikombe juu yake, basi. Wapo wanaojaza mpaka kinamwagika, wapo wanaofuta juu kwa kidole usizidi hata chembe. Nawajua wote kwa majina.

Watoto wa mtaa wamekunywa, wamekwenda shule. Wale tisa wanaolala hapa, kwenye nyumba ya nyuma, wamebaki kuosha vyombo kwanza. Wote wasichana. Katika daftari lao nimeandika jina, umri, siku ya kufika, na mwishoni: hana mtu. Ukurasa mzima wa hana mtu.

Kabange amekuja na vikombe vyake viwili. Cha bluu amekunywa yeye, cha kijani amempa Mado, mdogo wao wote. Kila siku hivyo, miaka miwili sasa.

Mgongo unauma. Hii ni mvua ya kupanda, na mimi niko mjini Likasi nasikiliza mkanda ukilia.

Jumatano, 12 Novemba

Odette, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Lubumbashi. Anamtaka Kabange. Si kumsaidia tu. Kumchukua awe mtoto wake, na karatasi zote. Alimwona Agosti alipokuja kutusalimia, na anasema tangu siku hiyo hajatulia. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na kitanda kidogo walichonunua mwaka wa kwanza bado kiko stoo, kimefunikwa shuka. Nilimwambia nitazungumza na mtoto. Nilipokata simu nilicheza kidogo jikoni, peke yangu, mama mzima wa miaka hamsini na nane.

Mtoto huyu anastahili bahati. Kwetu, mtu akisema anaitwa Kabange umeshajua kila kitu: ni pacha, na ni wa pili. Wa kwanza anaitwa Kyungu, awe wa kike awe wa kiume. Na ukimwona Kabange anatembea peke yake, unafunga mdomo. Pacha hasemwi kwamba amekufa. Haliliwi. Kumuuliza aliyebaki ni kumwita aliyekwenda aje amchukue mwenzake. Mama alinifundisha hilo kule shambani nikiwa mdogo, kwa kofi, kwa sababu nilikuwa nimeuliza.

Lakini unatoa viwili. Aliyebaki ukimpa kimoja, aliyekwenda anakasirika. Kwa hiyo hapa Kabange anapata viwili vya kila kitu. Vikombe viwili. Krismasi ya kwanza magauni mawili ya kitenge, sawasawa. Krismasi ya pili mawili tena. Moja analivaa, jingine analikunja na kuliweka kwenye mfuko chini ya kitanda. Padri alicheka aliponiona nikishona. Acha acheke, yeye hakulelewa na mama yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Mulungwishi, shamba la marehemu baba. Kaka Faustin alikuwa ameshafungua matuta nusu. Nilikwenda na Kabange ili nizungumze naye taratibu, mikono ikiwa na kazi. Mambo mazito nayasema vizuri zaidi nikiwa nimeinama.

Udongo ulikuwa mzuri, mweusi, unaganda mkononi halafu unaachia. Nilivua viatu. Faustin anasema mjini nimekuwa mama wa kitini, basi nikampita kwa matuta matatu, akanyamaza. Kabange anapanda kama mtu aliyezaliwa shambani: shimo, mbegu, kisigino, hatua. Ana miaka tisa tu.

Sikusema neno la Odette. Sijui kwa nini. Tulipokuwa tunakula viazi kando ya njia aliniuliza kama barabara ile inafika Mwadingusha. Nikamwambia hapana, Mwadingusha ni upande mwingine kabisa wa Likasi, kwenye bwawa. Akauliza kama ni mbali kwa miguu. Nikamwambia ale viazi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimemwambia. Nilimweka kwenye benchi, nikamweleza nyumba ya Odette, shule iliyo karibu na geti lao, chumba chake mwenyewe. Nilieleza vizuri, ningekuwa mimi ningekwenda kuchukua mfuko hapo hapo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Minye shiendi, Mama. Minye nabakia hapa."

Nikauliza kwa nini. Akatazama vidole vya miguu yake. Nikauliza tena. Vidole. Nimeudhika. Naandika hivyo hivyo: nimeudhika. Watoto wangapi wangeruka. Baba Prosper anasema nimwache apumue. Rahisi kwake.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku mbaya.

Odette na mumewe wamefika saa nne, wamevaa kama watu wa harusi. Odette alileta mfuko. Akatoa gauni la pinki, viatu, mkoba wa shule, akavipanga juu ya meza. Kimoja kimoja. Niliona kosa kabla hajamaliza, lakini nilichelewa. Kabange alikunja gauni lile vizuri, akalirudisha kwenye mfuko, akasema asante mama, akatoka.

Nilimvuta Odette jikoni nikamuuliza kama Lubumbashi imemsahaulisha alikotoka. Masikini, akakimbia soko la Kikula, akarudi na gauni la pili. Si la rangi moja hata, lakini la pili. Tulimtafuta mtoto kila mahali. Alikuwa nyuma ya magunia ya mahindi, amekaa, magoti kidevuni. Shemeji alijaribu kwa utani wake, hakujibiwa. Odette alilia. Nikaona mdogo wangu analia mbele ya mtoto, mascara ikimshuka, na nikasema maneno ambayo sikupaswa. Nilimuuliza Kabange anadhani yeye ni nani wa kukataa watu.

Wameondoka bila kula. Bukari niliyowasongea imebaki nzima.

Mtoto hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Jumanne, 25 Novemba

Kabange hali kitu. Tangu Jumapili. Anachukua vikombe vyake viwili asubuhi, anavipeleka getini, anakaa navyo mpaka uji unaganda juu. Anapenda kukaa pale getini, tangu alipofika, kila akitoka shule. Nilikuwa nikisema anafuata upepo. Mado amezoea cha kijani, anamzunguka, hakipati.

Muuguzi amempima. Si malaria. Tumbo halina ugonjwa. Amesema tumpe maji yenye sukari na chumvi na tumwangalie.

Mama Astrida alinivuta nyuma ya jiko, akapunguza sauti: "Mwenzake iko anamuita, Mama Prosper. Tukilegea, atamubeba." Anasema lazima tufanye mambo ya mapasa, yaani ya mapacha: udongo mweupe, na nyimbo za mapacha. Nikamkumbusha kwamba mchungaji wake amezikataza nyimbo hizo waziwazi. Akajibu kwamba mchungaji hajui kupika wala kulea.

Mimi ni Mkatoliki. Nilibatizwa, nimeolewa kanisani. Na nimemtuma mtu sokoni akanunue udongo mweupe.

Alhamisi, 27 Novemba

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia.

Tulifanya alasiri, nyuma ya mashine, mashine ikinguruma ili majirani wasisikie. Mama Astrida alimpaka Kabange udongo mweupe, mashavu, mikono, miguu. Halafu akaimba. Nyimbo za mapacha ni za matusi, matusi ya kweli, ya mama na baba na viungo vyao vyote. Ndivyo zilivyo, mapacha hufurahi. Mwanamke huyu anaimba mstari wa mbele katika kwaya ya kanisa lake, na hakusahau hata ubeti mmoja. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kabange naye alitabasamu, mara ya kwanza wiki hii.

Basi nikafika kwenye sehemu yangu. Mkubwa wa nyumba lazima amwombe aliyekwenda. Nikachukua kikombe cha kijani, nikamwaga uji kidogo chini, nikasema: Kyungu, mwana wetu, huko uliko, usikasirike. Mwache mwenzako ale. Mwache abaki na sisi.

Kabange akanishika mkono. Alikuwa ameshtuka, macho yametoka katikati ya weupe ule.

"Mama, Kyungu hakukufa. Iko Mwadingusha, kwa mama mukubwa."

Mama Astrida akaacha kuimba. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Hakuna muntu aliniulizaka."

Ijumaa, 28 Novemba

Sikulala. Kichwa kizito. Niandike kwa utaratibu nipate kuelewa.

Mama yao alikufa, baba alishapotelea machimboni kabla. Baada ya mazishi ndugu walikaa. Mama mkubwa, dada wa marehemu, akamchukua Kyungu. Bibi mzaa baba akamchukua Kabange. Kila mmoja aliweza mtoto mmoja tu, hakuna aliyeweza wawili. Wakawatenganisha mapacha. Kitu kisichofanyika. Bibi alijua hakifanyiki, ndiyo sababu akahamia mtaa huu ambako hakuna aliyemjua, na hakumwambia mtu. Wanawake walimwona Kabange yuko peke yake, wakafanya kama mimi. Wakafunga midomo. Bibi akafa bila kufunguliwa mdomo na mtu.

Majirani walimleta kwangu kwa mkono. Jina lake Kabange, walisema, na tukatazamana, na nikaandika: pacha, amebaki peke yake, hana mtu. Niliandika mimi. Kalamu hii hii.

Siku ya kuachana, mlangoni pa nyumba hiyo mpya ya bibi, Kyungu alimwambia atakuja kumfuata, amngoje huko huko kwa bibi. Nyumba ya bibi iko nyumba nne kutoka kwangu. Kutoka getini unaiona.

Upepo. Nilisema anafuata upepo.

Na magauni yale ya chini ya kitanda. Nilidhani anamhifadhia wa kaburini. Alikuwa anamhifadhia dada yake kama mtu yeyote anavyomwekea dada yake nguo.

Na mimi nilikuwa nampeleka Lubumbashi. Ningewatenganisha mara ya pili, na ningepika pilau siku hiyo.

Ameanza kula. Kidogo. Nusu ya cha bluu.

Jumapili, 30 Novemba

Nimempigia Odette baada ya misa. Nimemweleza yote. Akaniita dada mkubwa, kama utotoni: "Yaya, minye nilitakaka mutoto moya." Akakata.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Miaka miwili ni mingi. Kule bwawani kuna malaria, kuna maji, na mama mkubwa hana uwezo. Kyungu aliahidi kuja na hajaja. Kama hayupo tena, nitamwambia nini mtoto ambaye amekula leo kwa sababu nimemwahidi kwenda?

Naogopa. Nimezalisha ng'ombe, nimezika wazazi, nimelinda mashine dhidi ya waporaji kwa fimbo ya mtwangio. Hili naliogopa.

Baba Prosper alikuja akakaa kando yangu, mikono ina grisi. "Tuende Jumanne. Kama ni mubaya, tuyue." Hotuba yake ya mwezi.

Jumanne, 2 Desemba

Mwadingusha, kwa masista, waliotupa chumba.

Tulitoka kukipambazuka na kamyoneti, kigari chetu cha kubebea unga. Kabange alitaka kuja, nikakataa. Nilisema barabara ni mbaya. Ni kweli, lakini si ndiyo sababu. Hakubishana. Alikwenda chumbani akarudi na kikombe cha kijani kimefungwa katika kitambaa, akakiweka mapajani pangu kupitia dirishani.

Tope tupu. Tumesukuma mara tatu. Viatu vyangu vya kanisani nimeviacha kwenye dimbwi moja, vibaki huko.

Tumeuliza kwa jina la mama mkubwa. Mtu wa kwanza hamjui. Wa pili anasema alihama tangu kiangazi. Mwanamke wa tatu, muuza mihogo, anamjua. Anasema yuko kando ya ziwa, anakausha samaki, na ana watoto wake watano. Nikauliza: na yule pacha?

Alinitazama kana kwamba nimetukana. Akafunga mdomo, akapanga mihogo yake. Nilitaka kumtikisa. Halafu nikajikumbuka.

Kesho ziwani.

Jumatano, 3 Desemba

Yupo.

Naliandika peke yake kwanza. Yupo.

Tulimkuta mama mkubwa anageuza samaki juu ya vichanja. Mwanamke wa umri wa Odette, lakini ungempa miaka kumi zaidi. Nilipotaja jina la Kabange alikaa chini pale pale, kwenye mchanga. Alidhani nimekuja na habari ya msiba. Wote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake.

Halafu akaja msichana na beseni la samaki kichwani. Uso wa Kabange. Uso ule ule, paji lile lile la kubishana. Lakini mdogo. Kichwa kilinifika kiunoni, na Kabange ananifika kifuani. Shingo nyembamba, miguu ya vijiti. Nikadhani macho yangu yanakosea.

Nikafungua kitambaa, nikampa kikombe, nikamwambia kinatoka kwa Kabange, ni chako, kimekungoja miaka miwili. Alikigeuza, akatazama ndani. Akaniuliza kama bado wako kwa bibi. Nikasema bibi alikufa, lakini Kabange yuko mtaa ule ule, hajaondoka. Akasema alijaribu kwenda mara mbili kwa miguu. Mara zote wavuvi walimrudisha.

Nilikuja na hasira kwa mama mkubwa, nilikuwa nimeipanga njia nzima. Haikutoka. "Nilitenganisha mapasa, nayua," alisema bila kuulizwa. "Lakini batoto batano, na bwana aliendaka. Babili ningebawezea wapi?" Akakubali Kyungu aje akae na mwenzake, ila anaogopa watu watasema amemuuza. Kwa hiyo lile gunia la unga nililoleta nimeliacha kwenye gari, sikuligusa. Sitampa mtu gunia siku anaponipa mtoto. Litakuja siku nyingine, kwa njia nyingine, na liwe la watoto wake watano.

Alimwosha Kyungu mwenyewe, ziwani, akamsuka nywele. Ilichukua saa mbili. Baba Prosper alipoanza kutazama jua nilimkazia jicho. Mama mkubwa alipomaliza alinikabidhi mtoto kwa mikono yote miwili, akaniambia niwaambie wote wawili wasimlaani.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumefika saa tisa. Kabange alikuwa getini. Bila shaka alikuwa getini.

Nilikuwa nimetarajia kelele. Hakuna aliyekimbia. Kyungu alishuka na kikombe chake mkononi, wakasimama wakitazamana, hatua mbili kati yao. Halafu Kabange akachukua mkono wa mwenzake, akaupima na wake, kiganja kwa kiganja, vidole kwa vidole. Vyake vimezidi pingili nzima. Aliangalia hilo, akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza ni nani amefanya hivi. Mama Astrida alianza moja ya nyimbo zake, nikamziba mdomo kwa mkono.

Jioni Kabange alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Akatoa magauni. La Krismasi ya pili, sawasawa na lile analovaa yeye sasa, alimvika Kyungu kwanza. Likamzama. Mabega yakaning'inia, pindo likagusa sakafu. Wakalivua. Kabange akatoa la Krismasi ya kwanza, lile dogo, lile ambalo la kwake lilishampasuka kwapani tukalifanya kitambaa cha vyombo.

Limemkaa kabisa. Kama nimemshonea leo.

Nilikwenda kuwasha mashine. Hapakuwa na mahindi ya kusaga. Niliiwasha tu, nikasimama kando yake nikalia, kwa sababu kelele yake ni kubwa.

Ijumaa, 5 Desemba

Uji. Kabange amekuja na kikombe kimoja, Kyungu na kimoja. Mado amesimama katikati yao anatazama kulia na kushoto, uso umekunjamana, hajui aende wapi. Nimemnunulia chake, chekundu.

Jumapili, 14 Desemba

Odette amekuja peke yake, kwa basi. Hakuleta mfuko wowote safari hii. Alikaa jikoni akachambua sombe, majani ya mihogo, pamoja na Mama Astrida, mapacha wakipita na kurudi, na hakumwita yeyote kati yao. Alasiri Kyungu alikwenda mwenyewe akakaa kando yake, akaanza kuchambua pia. Wakamaliza kapu zima.

Alipoondoka aliniambia ametoa kile kitanda stoo. Amekitazama. Ni kidogo, hakitoshi watoto wawili, itabidi fundi atengeneze kingine. Alisema hivyo akitazama upande mwingine. Nikamwambia asiharakishe fundi. Mwaka wa shule uishe kwanza, na wao waulizwe. Wote wawili. Akakubali.

Ijumaa, 19 Desemba

Mwaka huu sishoni mimi, fundi cherehani amekuja kupima magauni ya Krismasi. Alitaka kuandika vipimo viwili tofauti kwa mapacha, kwa akili ya kawaida. Kabange akakataa. "Sawasawa tu, Mama. Atakomaa mu yake." Kyungu akaitikia kwa kichwa. Basi yatakuwa sawasawa, na moja litaning'inia.

Baada ya fundi nilichukua daftari la watoto, nikawaita mmoja mmoja. Nilifanya kitu ambacho nilipaswa kufanya siku waliyofika. Nimeuliza. Unatoka wapi, nani alikuwepo, nani unamkumbuka, nani alikuwa anakubeba. Nilidhani nitawaumiza. Wengine walilia, ndiyo, lakini hakuna aliyetaka kuondoka kwenye kiti.

Mado alikuwa wa mwisho. Miaka sita, miguu haifiki chini. Kwenye mstari wake: hana mtu. Nikamuuliza, Mado, weye uko na nani? Alifikiri. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mmoja mmoja, na majina. Mkono wa kwanza ukaisha, akahamia wa pili.

Nimepata kazi ya mwaka mzima. Baba Prosper ameshaanza kuangalia matairi.

Jumamosi, 18 Aprili

Miezi minne sijaandika. Mashine, mvua, watoto. Nimempata shangazi wa Mado huko Kambove, lakini hilo lina ukurasa wake.

Leo Mulungwishi. Mahindi yamekauka vizuri, tumeanza kuvuna. Mapacha wamekuja. Wanafanya mstari mmoja, Kyungu anavunja, Kabange anatupa kwenye kapu, halafu wanabadilishana bila kuambizana. Faustin anasema wawili hawa wanamzidi yeye. Nimemwambia hiyo si kazi kubwa.

Tumekula mchana kando ya njia, mahali pale pale pa viazi. Jua la kawaida. Mama mkubwa ametuma samaki, gunia limekwenda kwake mwezi uliopita, na jingine litakwenda.

Asubuhi kabla ya kupanda gari Kyungu alikuja chumbani kwangu kunionyesha. Alikuwa amevaa gauni la Krismasi ya pili, lile lililomzama siku ya kwanza. Aliinua mikono, akageuka, akageuka tena. Mabega yamekaa mahali pake. Pindo liko magotini.

Limebaki moja, la Krismasi ya tatu.